Ufunguo Umepanda Boti

Yupo fundi umeme wa magari pale Mtoni, Unguja, kando ya barabara iendayo Bububu, ambaye karakana yake ni kivuli cha mkungu, meza moja na sanduku la spana. Gari la kubonyeza kitufe likiletwa kwake likivutwa kwa kamba, hafungui boneti. Humwita kijana wake asimame nyuma ya gari, yeye huingia ndani, hukanyaga breki na kuuliza kwa sauti: "Zinawaka?" Jibu la kijana ndilo linaloamua kama mchana ule utaishia kwenye betri, kwenye ufunguo, au kwenye swichi ndogo ya plastiki iliyojificha juu ya kanyagio.

Mwandishi wa makala haya aliishi jirani na kivuli hicho kwa miaka, akiwa na Toyota IST iliyoletwa kutoka Japani. Sehemu kubwa ya anayoyajua kuhusu magari yasiyochomekwa ufunguo aliyapata akiwa amekaa kwenye gogo chini ya mkungu ule, akisubiri zamu yake. La kwanza kulielewa lilikuwa maana ya swali la taa za breki.

Gari la namna hii haliwaki mpaka lijiridhishe na mambo kadhaa kwa pamoja: ufunguo halali umo ndani, gia iko kwenye P au N, na mguu uko juu ya breki. Hilo la mwisho huletwa na swichi ileile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Swichi ikifa, au fyuzi yake ikiungua, dereva atakanyaga breki mpaka goti lichoke na gari litaendelea kuamini kwamba hakuna mguu. Akibonyeza mara ya kwanza redio inawaka, mara ya pili dashibodi yote inawaka, mara ya tatu kila kitu kinazimika. Stata haizunguki. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kununua betri mpya, na betri mpya haina la kufanya.

Toyota nyingi zimeachiwa mlango wa dharura kwa ajili ya siku hiyo. Gia inawekwa P, kitufe kinabonyezwa mara moja bila breki mpaka redio iwake, kisha breki inakanyagwa na kitufe kinashikiliwa kwa sekunde kama 15. Injini ikiwaka kwa njia hiyo huku ile ya kawaida imegoma, swichi ya breki ndiyo ya kushukiwa kwanza. Fundi wa Mtoni huwaonya wateja wake jambo moja hapo: gari hilo likitembea, aliye nyuma hataona taa za breki likisimama. Njia hiyo ni ya kulifikisha gari kwa fundi, basi. Si ya kwenda nalo Nungwi na kurudi.

Kitufe chenyewe nacho kinasema, kwa anayekitazama. Katika Toyota za aina hiyo kina taa ndogo. Mguu ukiwa kwenye breki na ufunguo ukiwa umetambuliwa, taa inakuwa ya kijani. Ikiwa ya rangi ya chungwa, gari liko kwenye redio au dashibodi tu. Ikiwa kijani kinapepesa, usukani umejifunga na haukufunguka. Unaushika, unautikisa kushoto na kulia taratibu huku umebonyeza kitufe, na pini inaachia. Ikipepesa rangi ya chungwa, mfumo wenyewe una hitilafu, na hapo anahitajika fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mwandishi amewahi kuona dashibodi ya gari la watu ikifumuliwa waya zote, kazi ya siku nzima, kwa tatizo ambalo kijani kinachopepesa kilikuwa kimeshalitaja tangu asubuhi.

Shida ni kwamba magari haya yalikuja Unguja bila mtu wa kuyaeleza. Kitabu cha maelekezo, kama kimebaki kwenye kidroo, ni cha Kijapani. Onyo linalotokea kwenye dashibodi ni la Kijapani. Sauti ya kike inayomkaribisha dereva kila asubuhi inaulizia kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, na watoto wa Mtoni wanaiigiza vizuri kabisa bila kujua inasema nini. Teknolojia yenyewe si ngeni sana duniani. Renault Fuego ya Ufaransa ilikuwa na rimoti ya kufungulia milango tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mercedes-Benz S-Class ikaleta mfumo wa kuingia na kuwasha bila kushika ufunguo mwishoni mwa miaka ya 1990. Na ilipofika 2007, toleo la pili la IST lilipotoka, jambo lililokuwa la matajiri lilishaingia kwenye gari dogo la kwenda sokoni. Gari hilohilo, likishatumika Japani, ndilo linalopanda meli kuja kwetu.

Ni vizuri kujua kinachopita hewani kati ya gari na mfuko wa suruali. Milangoni na ndani ya gari kuna antena zinazotoa mawimbi ya chini, kiasi cha kilohezi 134 kwa Toyota, yanayofika kama hatua moja tu kutoka mlangoni. Ufunguo ukiyasikia unaamka na kujibu kwa mawimbi ya juu, ambayo kwa magari ya soko la Japani yako kwenye megahezi 312 hadi 315, na kwa yale ya Ulaya aghalabu 433. Mazungumzo ya mlangoni ni mamoja, ya ndani ya gari ni mengine, na kila moja lina antena zake. Kwa hiyo mlango ukikataa kufunguka lakini ndani gari linawaka bila taabu, ufunguo ni mzima. Vya kutazamwa ni kitasa na antena ya mlango ule. Na zaidi ya hayo mawili, ndani ya ufunguo mna chipu ndogo ambayo haitegemei betri yoyote.

Chipu hiyo mwandishi aliijua thamani yake Makunduchi.

Ilikuwa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Watu walishapigana kwa vigogo vya migomba, kibanda kilishachomwa, watu wanatawanyika na jua linazama. Ufunguo wa IST haukujibu. Akagusa kitasa, kimya. Akabonyeza rimoti, kimya. Akaisogeza mpaka ikagusa kioo, kimya. Shangazi yake, aliyekuwa amesimama na kikapu cha mihogo kichwani, akauliza bila papara: "Mwanangu, ndo tunalala huku?"

Pembeni mwa rimoti kuna kilimi kidogo. Ukikisukuma, unatoka ufunguo wa chuma mwembamba, na tundu lake liko kwenye mlango wa dereva. Mlango ulifunguka na king'ora kikalia, kwa sababu gari lililofungwa kwa rimoti likifunguliwa kwa chuma hudhani linaibiwa. Nusu ya kijiji iligeuka. Mwandishi akakaa, akakanyaga breki, akaugusisha ufunguo kwenye kitufe, upande wenye nembo. Kukawa na mlio mfupi, taa ikawa ya kijani, akabonyeza kabla sekunde 10 hazijapita, injini ikawaka na king'ora kikanyamaza. Kinachotokea pale ni kwamba kuna koili kuzunguka kitufe. Inatoa nguvu kidogo inayotosha kuiamsha chipu kwa umbali wa kugusana, na chipu inataja namba yake ya siri. Betri ya rimoti inaweza kuwa imekufa kabisa na bado gari likawaka.

Hili ndilo jambo ambalo kila mwenye gari la kubonyeza angepaswa kulijaribu nyumbani, mchana, akiwa hana haraka: autoe ufunguo wa chuma, atafute tundu, agusishe rimoti kwenye kitufe. Katika Nissan kadhaa utaratibu unafanana, na kuna magari ambayo pa kuiweka rimoti ni ndani ya kidroo au kwenye shimo maalumu. Kuitafuta sehemu hiyo usiku, njia ya Paje, simu ikiwa imebakiwa na chaji kidogo, ni mateso yasiyo na sababu.

Betri ya rimoti ilinunuliwa sokoni Darajani, na hapo napo pana somo. Muuzaji alitoa CR2032, akasema zote ni zilezile. Hazifanani. Tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene kwa sehemu ya kumi ya milimita. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2. Funguo nyingi za Toyota za miaka ile zinataka CR1632, yenye milimita 16 na unene uleule; Nissan nyingi zinataka CR2025 au CR2032. Ukipewa CR1620 badala ya CR1632 itaingia vizuri, ila ni nyembamba, haigusi kiguso cha juu sawasawa, na rimoti itafanya kazi leo na kesho isifanye. Watu huweka kipande cha foili ya sigara kujaza nafasi. Baada ya wiki wanarudi kwa fundi wakisema rimoti ina jini. Dawa ni kusoma namba iliyochapwa kwenye betri ya zamani kabla ya kuitupa.

Betri hizo kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na hupungua haraka zaidi rimoti ikilazwa karibu na televisheni, kompyuta au chaja ya simu, kwa kuwa kila mara inadhani inaitwa. Kabla ya kufa huaga: umbali unapungua, unalazimika kusimama karibu zaidi, unabonyeza mara mbili mbili. Na ile ya zamani isiachwe mezani. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, inaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa 2 hata kama ilishachoka kuendesha rimoti. Mwenye kumshuku mtoto ameimeza asisubiri dalili. Aende hospitali saa hiyohiyo.

Sasa kisa cha boti. Jirani wa mwandishi, mtu mzima ambaye mtaa mzima unamwita ami, alimpeleka mkewe bandarini Malindi kupanda boti ya asubuhi ya Dar es Salaam. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wa mke, na kwa kuwa mkoba ulikuwa ndani ya gari, gari liliwaka. Bandarini pana msongamano. Ami hakuzima injini, mke akashuka, mlango ukafungwa. Gari likalia mlio wa mfululizo na likaandika sentensi ya Kijapani. Ami akadhani mlango haukufunga vizuri, akaufungua na kuufunga tena, akarudi zake Mtoni bila tatizo lolote, akazima gari mbele ya nyumba.

Siku hiyohiyo, karibu na sala ya Ijumaa, akataka kutoka. Gari halikuwaka. Akaitwa fundi, na mwandishi akafuatana naye.

Kijana akasimama nyuma. Taa za breki zikawaka, tena kwa nguvu, kwa hiyo swichi ni nzima na betri si mbovu. Kitufe hakikugeuka kijani. Fundi akakitazama kwa kitambo, akatoa mguu kwenye breki.

"Ami, ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo upo kwenye gari."

"Kwenye gari wapi?"

Ami akapapasa mfuko wa kanzu, akatazama kidroo, akainua zulia. Kisha akasimama wima na kutazama baharini. Simu ya mke ilikuwa haipatikani. Boti ilishafika katikati ya mkondo. Alipopatikana alikuwa anashuka Dar es Salaam, na ufunguo ulikuwa chini ya mkoba, umefungwa pamoja na vitambulisho. Ulirudi na boti ya jioni mikononi mwa mtoto wa dada yake. Fundi hakugusa waya hata mmoja na hakudai hata shilingi. Kwa mwandishi hiyo ndiyo kazi bora ya ufundi aliyowahi kuiona, na anaamini ingelipwa kama kazi nyingine yoyote.

Wengi huuliza kwa nini gari halikuzimika lenyewe lilipoukosa ufunguo njiani. Halikuzimika kwa makusudi. Betri ya rimoti inaweza kufa gari likiwa kwenye mwendo, na injini ikizimika ghafla usukani unakuwa mzito na breki inapoteza msaada wake. Watengenezaji walichagua lipige kelele na liendelee. Uamuzi huo una gharama zake: huko Marekani wapo waliokufa kwa moshi usioonekana, gari likiwa limeachwa linanguruma ndani ya gereji iliyoungana na nyumba kwa sababu mwenyewe alishuka na ufunguo akadhani amezima. Injini siku hizi ni kimya sana.

Kuzima napo kunahitaji kufundishwa. Mwezi Agosti 2009, karibu na San Diego, watu 4 wa familia moja walikufa ndani ya Lexus ya kuazimwa baada ya mkeka wa sakafuni kunasa kanyagio la mafuta na gari kukimbia bila kuzuilika. Gari lile lilikuwa la kitufe, na likiwa kwenye mwendo kitufe kilitaka kishikiliwe sekunde 3 ndipo injini izimike. Nani atakumbuka hilo akiwa na hofu kama hajawahi kuambiwa? Katika Toyota za leo, kushikilia zaidi ya sekunde 2 hadi 3, au kubonyeza mara 3 au zaidi kwa mfululizo, huzima injini iliyo kwenye mwendo. Na kusogeza gia kwenye N kunaitenga injini na magurudumu. Shule ya udereva inayofundisha kuwasha tu, na haifundishi hili, inaacha nusu ya kazi.

Mtoni kuna kituo cha kupozea umeme, unakopokelewa umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Waya wa kwanza ulizinduliwa 1980, wa pili 2013. Kituo hicho kinakumbukwa sana tangu 2008, kisiwa kilipokaa karibu mwezi mzima gizani, na tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Kwa hiyo rimoti ya mtu ikigoma mtaani hapo, kauli ya kwanza ni kwamba "umeme wa kituo unaizuia." Hata vitabu vya magari vinataja vituo vya umeme, minara ya televisheni na viwanja vya ndege kuwa mahali ambapo ufunguo huenda usisikike. Kijana mmoja mwenye Nissan Note alishakata shauri kuhama nyumba ya kupanga kwa ajili hiyo.

Fundi alimwambia awashe gari mbele yake. Halikutambua ufunguo. Akanyoosha mkono, akachomoa chaja ya simu iliyokuwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ile ya bei poa inayouzwa mitaani, akamwambia ajaribu tena palepale, asisogeze gari hata unyayo. Kitufe kikawa kijani. Umeme wa kituo unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, mbali kabisa na kilohezi 134 unazozisikiliza ufunguo. Chaja duni, yenyewe, hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara, au hata laki, kwa sekunde, jirani kabisa na sauti ya gari, na inakaa shubiri mbili kutoka kwenye antena. Kijana hakuhama. Kuweka rimoti mfuko mmoja na simu kuna madhara ya namna hiyohiyo, ingawa madogo.

Kinachoua mifumo hii kwa wingi zaidi Mtoni ni upepo wa bahari. Nyumba za chini, zile za upande wa magofu ya kasri la Seyyid Said, hupata chumvi usiku kucha wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Kwenye vichwa vya betri huota unga mweupe na wa kijanibluu. Gari la ufunguo wa kawaida huvumilia unga huo kwa muda, stata ikizunguka kwa uvivu. Gari la kitufe lina kompyuta inayopima umeme kabla ya kukubali, na ukishuka huanza vituko: usukani haufunguki, taa zinacheza, rilei zinagonga ta-ta-ta, rimoti inaonekana haitambuliwi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 gari likiwa limepumzika, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Fundi hupima kwanza juu ya nguzo ya betri, kisha juu ya kichwa cha waya kilichoishika nguzo hiyo wakati stata inapigwa. Namba zikitofautiana, tatizo ni uchafu wa kati, na tiba ni maji ya moto, brashi ya waya na grisi. Mwandishi amewaona watu wakirudi na betri zao zilezile, nzima, baada ya kufika pale na pesa ya betri mpya mkononi.

Kuhusu ufunguo wa pili mwandishi hana subira hata kidogo. Magari mengi yanashuka bandarini na rimoti moja, na mnunuzi anafurahi na rangi, viti na kilomita. Rimoti hiyo moja ikipotea, mambo hubadilika. Kompyuta ya gari inakubali kusajili ufunguo mpya kwa urahisi ikiwa uliosajiliwa upo na unatambulika. Ukiwa haupo, kazi inakuwa ya kufungua boksi la utambulisho na kuandika upya kumbukumbu yake, wataalamu wake ni wachache, na mara nyingi gari au boksi hulazimika kuvuka kwenda Dar es Salaam. Rimoti ya kusajili lazima iwe ya soko lilelile: ya Ulaya yenye megahezi 433 haitazungumza na gari la Japani hata kama nembo na vitufe vinafanana. Nyingi zilizotumika haziwezi kusajiliwa mara ya pili mpaka zifutwe kwanza, jambo ambalo muuzaji wa rimoti kuukuu halitaji.

Ami alisajili ya pili wiki ileile. Ya kwanza anatembea nayo mwenyewe, imefungwa kwenye mshipi. Ya pili inakaa kwa dada yake Kikwajuni, betri yake ikiwa imetolewa na kuwekwa pembeni ndani ya bahasha, na juu ya bahasha ameandika kwa kalamu ya wino namba CR1632.